Nani kapiga, wapi, lini? Majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii ni nyingi, na sehemu kubwa ni picha zisizo na maelezo, chini yake "eti ni kweli?" Nimechagua zinazojibika.

Kuna picha ya papa anaogelea kwenye barabara iliyofurika. Ni ya kweli?

Si ya kweli. Haikuwa ya kweli ilipodaiwa kupigwa Puerto Rico wakati wa kimbunga Irene mwaka 2011, haikuwa ya kweli ilipohamishiwa Houston kwenye kimbunga Harvey mwaka 2017, na mafuriko yajayo mtaniletea tena. Papa huyo alikatwa kwenye picha ya mtu aliyekuwa akipiga kasia huku papa akimfuata nyuma, kisha akabandikwa barabarani. Kutafuta asili ya picha kwenye Google ni kazi ya muda mfupi kuliko kuniandikia. Swali hili nimelifunga.

Shikamoo. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Waandishi wa habari wa kazi gani tena?

Marahaba. Nusu ya hoja yako naikubali bila kinyongo. Tarehe 25 Mei 2020, mjini Minneapolis, Marekani, binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alisimama kando ya barabara na simu mkononi, asiishushe, wakati polisi amemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu kifo chake ilizungumzia tatizo la kiafya. Bila simu ile, taarifa hiyo ndiyo ingekuwa habari, na waandishi wengi tungeinakili kama ilivyo, tusidanganyane. Mwaka 2021 binti huyo alipewa tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, na aliistahili.

Lakini Frazier alikuwapo, anajulikana, na mahali panajulikana. Video nyingi mnazonitumia hazina hata kimoja kati ya hivyo. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaswaga wanawake wawili na watoto wawili, wakawaziba macho, wakawapiga risasi. Serikali ya Kamerun ikasema ni uzushi. Timu ya BBC Africa Eye, waandishi wa habari za uchunguzi, ikaanza na kilichokuwepo, yaani safu ya milima iliyoonekana nyuma ya askari. Wakailinganisha na picha za setilaiti mpaka ikakaa sawasawa na milima ya karibu na Zelevet, kaskazini kabisa mwa Kamerun. Majengo yaliyokuwepo na yaliyobomolewa baadaye yakawaonyesha ni kati ya miaka ipi tukio lilitokea. Kinjia cha miguu kinachoonekana wakati wa kiangazi tu kikawapa msimu. Mwisho wakapima vivuli vya askari, wakafikia siku kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ikawafunga askari wanne miaka 10 kila mmoja.

Hao waliokesha wakipima vivuli wanalipwa mshahara. Ndiyo kazi uliyoniuliza.

Kwa nini gazeti linitoze hela kusoma makala mtandaoni, ilhali kwenye kundi letu naipata bure?

Unaipata bure kwa sababu kuna mtu kailipia, au kaiiba. Zamani aliyetafuta chumba cha kupanga au mnunuzi wa gari kuukuu alilipia tangazo dogo gazetini, na hela hiyo ndiyo iliyomweka mwandishi mahakamani siku nzima. Matangazo yamehamia mtandaoni, na fungu kubwa linaishia Google na Facebook. Canada ilipotunga sheria ya kuwataka wavilipe vyombo vya habari, Meta, kampuni yenye Facebook, iliona afadhali iondoe habari zote Facebook na Instagram nchini humo, Agosti 2023.

Nikiweka alama ya reli kwenye ukurasa wangu, nimeshiriki harakati?

Umeshiriki kuweka alama ya reli.

Nisiwe mkali mno. Wasichana 276 walipotekwa Chibok, Nigeria, mwaka 2014, #BringBackOurGirls iliwafanya walio mbali walijue jina la mji ambao wasingelijua. Ila makumi yao hawajarudi hadi leo, na wengi waliobandika alama ile walishahamia jambo jingine. Waliobaki ni wazazi, na wanaharakati waliokuwa wakikusanyika Abuja siku baada ya siku. Misri ndiyo inanifurahisha zaidi. Serikali ilizima intaneti kuelekea Ijumaa ya 28 Januari 2011 ili watu watulie, na siku hiyo hiyo wakafurika barabarani.

Na hili hukuuliza: ukipiga picha maandamano, ficha nyuso za watu kabla ya kuirusha. Wanaowasaka nao wana simu.

WhatsApp kutuwekea kikomo cha kusambaza ujumbe si kuminya uhuru?

Hapana. Tangu 2019 unatuma kwa watano kwa mkupuo, na tangu 2020 ujumbe uliozunguka sana unakwenda kwa mmoja mmoja. Kidole ndicho kilichopunguziwa kasi. Laiti kikomo kingekuwepo siku niliyotangaza kifo cha mwanamuziki kwenye kundi la ukoo. Salamu za rambirambi zilikuwa zimefika kumi na tatu mjomba alipouliza mbona marehemu anahojiwa redioni.

Akili unde (AI) inatengeneza video za watu bandia. Tutaamini nini?

Video bandia zinanitisha kidogo. Zaidi naogopa video ya kweli kuitwa bandia. Kamerun walilisema hilo mwaka 2018 bila msaada wa akili unde yoyote. Leo mwenye kosa ana kisingizio tayari. Kwa hiyo ukirekodi jambo zito, usifute faili la kwanza. Usinitumie kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana inabanwa na kupoteza taarifa za siku na mahali. Itume kama hati. Na kama hukuirekodi wewe, niandikie uliipata kwa nani. "Imezunguka tu" si jina la mtu.