Audi iliyotumika: fungua buti kabla hujaipenda rangi

Mtu akiniambia anatafuta Audi iliyotumika, simuulizi ni ya mwaka gani wala imetembea kilomita ngapi. Namuuliza ina injini ipi na giaboksi ipi. Wengi hawana jibu, na siwalaumu, maana matangazo ya magari huandika "A4, nyeusi, viti vya ngozi, haina shida" yakaishia hapo. Kumbe A4 mbili za mwaka mmoja, zinazofanana hadi vitasa vya milango, zinaweza kuwapa wenyewe maisha tofauti kabisa. Moja itakudai oili na breki pedi. Nyingine itakudai giaboksi.

Mimi naendesha A4 ya toleo la B8, lile lililoanza kuuzwa mwishoni mwa muongo wa 2000 na kuachiwa nafasi na B9 kwenye mwaka 2015. Tangu niwe nayo, jamaa zangu huniita niwasindikize wanapokwenda kukagua za kwao. Tukifika, nafungua buti kwanza, muuzaji anashangaa. Nainua zulia na kutazama pembeni mwa shimo la tairi la akiba. Hapo kwa kawaida kuna stika nyeupe ya karatasi yenye namba ya chesisi, aina ya gari, nguvu ya injini kwa kilowati, herufi za injini na herufi za giaboksi, halafu safu za vifupisho vinavyoeleza gari lilitoka kiwandani na vitu gani. Stika kama hiyo hubandikwa pia kwenye kitabu cha sevisi. Linganisha namba ya chesisi ya stika na ile inayoonekana chini ya kioo cha mbele, kisha na ile ya kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana hata herufi moja, shukuru kwa muda wao na uondoke. Herufi za injini, ambazo ni tatu au nne kama CDNC, ziandike kwenye simu. Kwa herufi hizo fundi anayezijua Audi atakuambia mengi kuliko tangazo zima.

Chukua mfano wa petroli ya lita 2.0 inayoitwa TFSI, ambayo imefungwa kwenye A3, A4, A5, A6, Q3, Q5 na TT. Jina ni moja, lakini ndani yake kuna injini za vizazi tofauti. Ile ya zamani, EA113, iliyokuwa kwenye A4 B7 na kwenye A3 za mwanzo za umbo la pili, inatumia mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali zifunguke kwa wakati na mzunguko wa pistoni. Ina pia kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti, mhimili unaofungua vali, na pampu ya petroli ya shinikizo kubwa. Kikombe hicho huliwa taratibu, na kikitoboka kinaharibu pampu na kamshafti pamoja. Chenyewe ni kitu cha bei ndogo na fundi hukikagua upesi, kwa hiyo muuzaji asiyejua kama kiliwahi kukaguliwa ananipa sababu ya kupunguza bei.

Baadaye ikaja EA888, yenye mnyororo badala ya mkanda. Matoleo yake ya mwanzo yanajulikana kwa kikaza-mnyororo kinachoweza kulegea. Mnyororo ukiruka meno, vali na pistoni zinagongana, na hapo unazungumzia injini nyingine. Kiwanda kilibadilisha umbo la kikaza hicho, kwa hiyo uliza kama kimeshawekwa kipya na uone risiti. Toleo la pili, lililokuwa kwenye B8 nyingi, likajulikana pia kwa kula oili kupitia ringi za pistoni. Marekani jambo hilo lilifika mahakamani na likaishia kwa makubaliano. Toleo la tatu limetulia zaidi, na ukiniuliza bila kunizungusha, A3 ya umbo lililotoka mwaka 2012 au A4 B9 yenye injini hiyo ndiyo ningemshauri mdogo wangu anunue.

Kuhusu oili kuna ujanja wa kuujua. Kitabu cha gari kinaruhusu injini ile ya toleo la pili kula hadi nusu lita kwa kila kilomita 1,000, kwa hiyo muuzaji akikuambia "hata kiwandani wanasema ni kawaida" hajadanganya sana. Tena B8 nyingi hazina kijiti cha kupimia oili. Kiwango unakisoma kwenye skrini. Mwambie akuonyeshe palepale. Na ukikuta galoni ya oili iliyofika nusu imelazwa kwenye buti, imekwisha kukueleza habari za injini kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Fika injini ikiwa baridi. Gusa boneti, kama ni ya moto, kuna mtu aliyeiwasha kabla yako, na ana sababu zake. Fungua dirisha, zima redio, washa. Mlio wa minyororo kukwaruza kwa nukta moja hivi si ajabu, lakini ukiendelea kwa sekunde kadhaa kila unapowasha, hicho ni kikaza kinacholalamika. Injini ikiwa inazunguka polepole, jaribu kufungua kifuniko cha oili. Kikivutwa kwa nguvu kana kwamba kuna mtu ndani amekishika, na ukasikia mluzi, vali ya kupumulia ya injini imechanika. Si ugonjwa mkubwa, lakini ikiachwa huchangia ulaji wa oili.

Jambo moja ni la injini hizi zote zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, masizi hujikusanya hapo na gari huanza kutetemeka asubuhi. Husafishwa kwa kupuliziwa chembe za maganda ya jozi, na ni kazi ya kawaida kwa gereji zenye vifaa.

Giaboksi ndiyo inayofilisi watu. A4 na A6 za otomatiki zinazovuta kwa magurudumu ya mbele tu, hadi kwenye mwaka 2014, mara nyingi zina multitronic, ambayo haina gia za kuhesabika bali mnyororo kati ya puli mbili. Zikitunzwa ni laini ajabu. Zikipuuzwa hushtuka unapoanza kuondoka. S tronic ni otomatiki yenye klachi mbili, na hapo uliza kama ni za kuloana oili au kavu. Ile kavu ya gia saba, inayopatikana kwenye A3 za injini ndogo, haipendi foleni za kusogea hatua kwa hatua. Tiptronic ni otomatiki ya kizamani yenye tokikonveta, inayopitisha nguvu ya injini kwa oili badala ya klachi, na kwangu mimi ndiyo yenye uvumilivu zaidi. Multitronic na S tronic nyingi za klachi zinazoloana huhitaji oili mpya kila kilomita 60,000 hivi. Muuzaji asiye na risiti hata moja ya oili ya giaboksi kwenye gari la kilomita 150,000 anakuuzia bahati nasibu. Liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, kisha lirudishe nyuma kwenye kilima, ulitambaze polepole kama uko kwenye foleni. Mtikisiko hujitokeza hapo, hauonekani ukiwa kasi kwenye barabara kuu.

Quattro, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, ni nzuri, lakini usiilipie kama huihitaji. Kwenye A3, Q3 na TT kuna klachi ya nyuma yenye oili yake, ambayo wengi huisahau. Na kwa quattro yoyote, tairi nne ziwe za saizi moja na zimelika kwa kiasi kinachokaribiana.

Dizeli za TDI zilizouzwa kabla ya sakata la mwaka 2015 la Volkswagen kudanganya vipimo vya moshi uliza kama zilirudishwa kubadilishiwa programu. Ukiwa mtu wa safari fupi za mjini, chujio la moshi litaziba, kwa hiyo achana nazo. Mbele ya A4 na A6 kuna mikono ya alumini minne kila upande. Bushi zikichoka usukani unalegea na kuna milio unapopita matuta. Boliti inayoshika mikono ya juu hugandia vibaya, kwa hiyo fundi akikutajia saa nyingi za kazi usidhani anakuibia.

Ukishainunua, usifuate ratiba ya oili ya kilomita 30,000 au miaka miwili. Mimi namwaga kila kilomita 10,000 au mwaka, lolote litakalotangulia, na naweka oili yenye kibali cha VW 502 00 au 504 00 kilichoandikwa kwenye galoni. Spea usizinunue kwa jina la Audi pekee. Vitu vingi ni vilevile vya Volkswagen, Skoda na SEAT, na mikono ya mbele ya Lemförder au koili za Bosch, zile zinazozipa plagi umeme, hutoka kwa watengenezaji haohao wanaokipa kiwanda. Koili moja ya akiba huwa kwenye buti langu, maana ikifa unaibadilisha mwenyewe pembeni mwa barabara. Maji ya rejeta ni ya waridi au zambarau. Usiongeze ya bomba wala ya kijani. Yakipungua bila tone kuonekana chini, mwambie fundi aangalie pampu ya maji na themostati, ambazo nyumba yake ya plastiki hupasuka.

Tenga fedha za mwezi wa kwanza kabla hujalipa bei ya gari: oili ya injini na ya giaboksi, chujio zote, plagi, maji ya breki. Kama injini ni ya mkanda na risiti yake haipo, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, na usipange safari ndefu hadi ubadilishwe pamoja na pampu ya maji.