Jibu: Bastola ya babu, Kalenga

Mkuu, umeuliza kama bastola iliyokutwa kwenye sanduku la marehemu babu ni ya enzi za Mkwawa. Kwanza usiiguse. Ita polisi waje wahakikishe haina risasi, maana kuwa nayo bila kibali inaweza kuwa kosa hata ikiwa kongwe.

Silinda ya risasi sita, kiwiko kidogo cha usalama ubavuni kushoto, pete chini ya mpini: hiyo ni rivolva ya jeshi la Ujerumani. Mtutu wa karibu sm 18 ni modeli ya 1879. Sm 12 na ushee, ya 1883. Ukiona taji juu ya neno ERFURT (mji wa Ujerumani wenye kiwanda cha silaha), mwaka uliogongwa hapo ndio wa kutengenezwa. Tafadhali kutu isisuguliwe kwa msasa, alama zitafutika! Modeli zote mbili zilitangulia vita vya Lugalo vya 1891, Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani, ila alama haisemi ilimfikiaje babu. Waulize wazee wenu.