Mbegu Zilizoelea Nazo Zipandwe: Ushauri kwa Wanaoanza Uchunguzi wa Kisayansi

Katika miaka niliyofundisha sayansi hapa Mtwara, nimeona kwamba wanafunzi wengi huweza kutaja bila kukosea hatua za uchunguzi wa kisayansi, yaani kutambua tatizo, kutunga nadharia tete, kufanya jaribio, kukusanya data na kutoa hitimisho, lakini wakitakiwa kuchunguza jambo lao wenyewe hukwama mwanzoni kabisa. Ushauri wangu ni kuanza na jambo ambalo wazee nyumbani hulisema kila msimu na ambalo hakuna aliyewahi kulipima.

Chukua mfano wa korosho. Wakulima wengi huzitumbukiza mbegu katika ndoo ya maji kabla ya kupanda, wakapanda zilizozama na kuzitupa zilizoelea, kwa imani kwamba zilizozama huota vizuri zaidi. Je, ni kweli? Swali hili linafaa kwa sababu jibu lake linahesabika, tofauti na swali kama "Kwa nini mikorosho yetu haizai vizuri?", ambalo lina mambo mengi ndani yake kiasi kwamba hujui uanze kupima nini.

Utabiri wako uandike kwa wino, pamoja na tarehe, kabla hujajaza udongo kiriba (mfuko wa kuoteshea mbegu) cha kwanza: "Mbegu zilizozama zitaota kwa wingi kuliko zilizoelea, kwa kuwa viini vyake vimejaa." Nasisitiza wino kwa sababu nimewaona wanafunzi wenye bidii wakiufuta na kuurekebisha baada ya kuona matokeo. Daftari la namna hiyo humpendeza mkaguzi, lakini halina faida kwa mtu mwingine yeyote.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo lenyewe. Mkulima anayetupa mbegu zilizoelea hawezi kamwe kujua kama zingeota, hata akipanda kwa miaka hamsini, kwa sababu hana cha kulinganisha. Kwa hiyo mwanasayansi hupanda makundi yote mawili, kisha huhakikisha kwamba yanatofautiana kwa jambo moja tu. Mbegu ziwe za mti mmoja na za msimu mmoja, maana mbegu ya korosho ikikaa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuota. Udongo uchanganywe pamoja, na kina, maji, kivuli na siku ya kupanda viwe sawa. Viriba vya kundi moja vikikaa chini ya mwembe na vya kundi la pili vikikaa juani, hutajua kama umepima mbegu au umepima jua. Usipande mbegu moja moja pia, kwani moja inaweza kuliwa na panya. Ishirini kwa kila kundi zinatosha kuanzia. Kuota huchukua wiki mbili hadi nne hivi, basi hesabu kila siku, na panya naye mwandike.

Si kila swali hujibiwa kwa kupanda kitu na kusubiri. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, mifupa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na Wajerumani waliotegemea nguvu za vibarua wengi Waafrika. Mwaka 1914 mwanasayansi Mjerumani Werner Janensch alimweka mjusi mkubwa wa huko, ambaye mifupa yake imesimamishwa Berlin, katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Brachiosaurus, iliyokuwa imeelezwa Marekani mwaka 1903. Dai hilo nalo linapimika: kama ni jenasi moja, mifupa ya pande zote mbili inapaswa kufanana sana. Mwaka 2009 mwanasayansi Mwingereza Michael Taylor aliilinganisha mfupa kwa mfupa, akakuta tofauti za kutosha kumtenga mjusi wa Tendaguru katika jenasi yake, Giraffatitan.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu mifupa ilihifadhiwa na vipimo viliandikwa. Nawe katika hitimisho usiandike kwamba "imethibitika" na kuishia hapo. Andika ni mbegu ngapi zilizoota kati ya ngapi, za mti upi na za msimu upi, ili darasa la mwaka ujao liweze kurudia jaribio lako.