Maswali Yenu Kuhusu Ekklesia, Neno la Kigiriki Lililo Nyuma ya "Kanisa"

Tumefundishwa kwamba ekklesia maana yake ni "walioitwa watoke" ulimwenguni. Ni sahihi?

Chimbuko ni hilo kweli: ek ni "kutoka", kaleo ni "kuita". Ila chimbuko la neno si lazima liwe maana yake. Anayesema "kifungua kinywa" anawaza mlo wa asubuhi, hawazi kinywa kufunguka.

Soma Matendo 19. Waefeso wamejazana kwenye ukumbi wa michezo, wanamlilia Artemi, mungu wao wa kike, kwa muda wa saa mbili, na wengi hawajui hata wamekusanyikia nini. Umati huo Luka anauita ekklesia, mstari wa 32 na tena wa 41. Katika mstari wa 39 neno lilelile ni baraza halali la mji. Je, hao wameitwa watoke wapi? Ndiyo maana Biblia zetu hapo zinasema "mkutano" au "kusanyiko". Kwamba Mungu ametuita tutoke gizani ni kweli tupu, lakini fundisho hilo lisimamishwe juu ya 1 Petro 2:9, inayolisema waziwazi.

Je, linaweza kumaanisha jengo?

Katika Agano Jipya, hapana. Warumi 16:5 inasalimu kanisa lililomo nyumbani mwa Prisila na Akila: nyumba ni mahali, kanisa ni watu.

Yesu ndiye aliyeanzisha kulitumia neno hili?

La. Tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale ilikwisha kulitumia kwa Israeli, kama "siku ya kusanyiko" katika Kumbukumbu 9:10. Kwa hiyo Stefano hakosei kutaja ekklesia ya jangwani (Matendo 7:38). Katika Injili zote nne liko kwa Mathayo tu: 16:18, na mara mbili 18:17.

Na neno "kanisa" lenyewe?

Limetufikia kupitia Kiarabu, na mzizi wake wa Kiaramu ni "kukusanya". Yaani tumebahatika: neno letu nalo lilianza na wazo la kusanyiko.

Nisiyejua Kigiriki nichunguzeje?

Tafuta itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yalimo) yenye namba za Strong, yaani namba inayotambulisha kila neno la lugha ya asili, uangalie 1577, ndiyo ya ekklesia. Fungua kila aya, ujiulize: ni kina nani waliokusanyika, wapi, na neno liko katika umoja au wingi? Wagalatia 1:2 ni makanisa ya jimbo zima. Waefeso 1:22 ni moja, mwili wa Kristo. Kosa kubwa ni kuchukua maana zote za kamusi ukazimimina katika aya moja. Kila aya huchagua yake.