Dole Gumba Limeponza Kichwa

Wiki tatu zilizopita nilikuwa mtu mwenye heshima zake kazini, naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Kanuni za kundi letu la WhatsApp niliziandika mimi, kanuni 9, na mpaka leo zipo kwenye maelezo ya kundi. Usisambaze habari usiyojua ilikotoka. Usitume stika wakati wa kazi. Ya 4 inasema ujumbe wa sauti usizidi sekunde 30. Namba hiyo sitaisahau.

Siku hiyo tulitoka kwenye kikao cha saa mbili cha kujadili namna ya kupunguza vikao. Nilikuwa na ya kumwambia rafiki yangu wa meza ya jirani, nikaona kuandika ni kazi. Nikafungua simu, jina lake liko juu kabisa, nikashusha dole gumba. Kumbe sekunde ileile mkuu wetu wa idara alikuwa ametuma "Asanteni kwa kikao kizuri", kundi likaruka juu, jina la rafiki yangu likateremka hatua moja. Dole gumba langu halikuwa na habari. Mimi nikabonyeza kipaza sauti, nikasogeza simu mdomoni, nikaanza.

Dakika 1 na sekunde 47. Mlikuwa na kikao humo, mlikuwa na mkuu, na pale nilipojizidi, mlikuwa na kikohozi chake. Ana namna ya kukohoa kabla ya kusema jambo: mara mbili, kimya, anameza mate, kisha "sasa basi, wenzangu". Naiga vizuri. Hata waliokasirika wamekiri hivyo.

Nilijua mambo yameharibika nilipoona juu ya skrini mtu anaandika. Akaacha. Mwingine akaanza, naye akaacha. Rafiki yangu hana majina mawili.

Hapa wengi mtasema, si ungefuta? Uwezo huo upo, na historia yake naijua kuliko wengi wenu. Kufuta ujumbe kwa wote kulikuja 2017, na wakati ule ulipewa dakika 7 tu za kujuta. Mwaka 2022 muda ukaongezwa ukazidi siku mbili. Siku mbili! Ningeweza kwenda kunywa maji, kusali, kulala, nikaamka na kufuta. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na kati ya "futa kwa wote" na "futa kwangu" nikagusa ya pili. Kwa hiyo watu 31 walibaki na ujumbe wangu, na mtu pekee duniani asiyekuwa nao nikawa mimi.

Kuna na kitufe cha kutendua kosa hilohilo, kinachokaa kwenye skrini kama sekunde 5. Zangu nilizitumia kushusha pumzi na kumshukuru Mungu kwamba nimewahi.

Tena ujumbe ukishajifutia huwezi kujua nani ameusikiliza. Nilikaa mezani nikitazama nyuso. Kila aliyeweka simu sikioni nilimwona anasikiliza sauti yangu. Na tangu 2021 mtu anaweza kuusikiliza kwa kasi maradufu, kwa hiyo kuna walionisikia nikimkohoa mkuu haraka kama kuku mwenye mafua. Rafiki yangu, yule aliyekusudiwa, alinitumia mstari mmoja: "Mbona mimi hukunitumia faragha?"

Nikafikiria kusema simu alikuwa nayo mtoto. Mtoto wa miaka mitatu hana maoni juu ya ajenda. Nikafikiria, na hili ninawaambia kwa aibu, kusema sauti ile imetengenezwa na akili mnemba. Nikamjaribia kijana mmoja wa ofisini. Akafikiri kidogo akasema, "Kaka, akili mnemba ingekohoa vizuri, lakini isingejua kumeza mate."

Basi ushauri wangu ni huu: kabla ya kusema neno, tazama jina lililo juu ya skrini. Si picha, jina. Ukishalitazama, rekodi, kisha kabla ya kutuma litazame tena. Najua mnaona ni jambo dogo. Nami niliona ni dogo, nikaliacha nje ya kanuni zangu 9. Unaweza pia kusikiliza ulichorekodi kabla hakijaondoka, nafasi hiyo ipo, ila sijaona mtu anayeitumia, maana nani anapenda sauti yake mwenyewe? Kwa hiyo narudia, tazama jina.

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa tarehe 3 Desemba 1992, nchini Uingereza. Injinia kijana, Neil Papworth, aliandika kwenye kompyuta "Merry Christmas" akampelekea mkubwa mmoja wa Vodafone aliyekuwa kwenye sherehe. Simu ya mpokeaji haikuwa na namna ya kujibu. Mtumaji mmoja, mpokeaji mmoja, heri ya Krismasi, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Wangeishia hapo!

Hawakuishia hapo, ndugu zangu, na sisi tukashangilia. Zamani ukitaka kumsema mtu ilibidi uinuke, umtafute msikilizaji, uchungulie mlangoni, ushushe sauti. Ule uvivu wa kuinuka ulituokoa na mengi. Sasa umbea unasafiri kabla hujaumaliza kuufikiri, halafu tunalaumu simu. Simu haikukohoa. Nilikohoa mimi. Tazameni jina, nawaombeni.

Mkuu alinyamaza mpaka jioni. Hakuniita ofisini, hakuandika barua. Aliandika kundini, mbele ya wote: "Tukumbushane kanuni ya 4." Walioweka dole gumba walikuwa 26, nimewahesabu, na sitawasahau.

Jana kwenye kikao alikohoa, mara mbili, kikohozi chake halisi. Chumba kikanyamaza. Akameza mate, akanigeukia, akauliza kama nimekipata vizuri au arudie.