Kwa nini bima imerudisha ankara ya masikio?

SWALI: Mimi ni karani katika kliniki ya masikio mjini Jinja. Tulimhudumia mwalimu mstaafu aliyelalamika kwamba hasikii vizuri. Alitolewa nta katika sikio la kulia, kisha akapimwa usikivu. Niliandika msimbo H91.9, nikatoza kipimo cha hewa (sauti ipitayo tundu la sikio), cha mfupa (mtetemo upitao mfupa wa kichwa) na cha maneno kila kimoja peke yake. Bima imerudisha madai yote. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu Karani, umekosea mahali pawili, na kosa la kwanza hulifanya makarani wengi. Katika ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, H91.9 ni upungufu wa usikivu usiobainishwa, ilhali ninyi mlikwisha kumpima na odiogramu, yaani mchoro wa matokeo ya kipimo, mnayo mkononi. Mkaguzi wa bima atauliza, kwa haki, kipimo mlichotoza kilibaini nini. Ikiwa mstari wa hewa na wa mfupa imeshuka pamoja katika masikio yote mawili, tatizo liko katika sikio la ndani au neva yake, na msimbo ni H90.3; ikiwa mfupa uko sawa na hewa pekee ndiyo iliyoshuka pande zote mbili, ni H90.0. Sikio moja likiathirika na la pili likiwa zima, ni H90.4 au H90.1 kwa mpangilio huohuo. Nta nayo ina msimbo wake, H61.2, ambao usipoandikwa, malipo ya kuitoa hayana sababu. Usimwandikie mwalimu H91.1, uziwi wa uzee, kwa kuangalia umri wake tu: uamuzi huo ni wa mtabibu, nawe unanakili alichokisaini.

Kosa la pili ni kuvunja kipimo vipande. Kama mkataba wenu na bima unafuata CPT, orodha ya huduma ya Chama cha Madaktari cha Marekani, msimbo 92557 umekwisha kujumuisha hewa, mfupa na maneno, na kuvitenganisha huonekana kama kujiongezea malipo hata kama hukukusudia. Kama mna orodha ya bei mliyokubaliana, ifuateni hiyo.

Rudisha madai yaliyosahihishwa kwa namba ileile ya madai, pamoja na nakala ya odiogramu. Kifaa cha kusikia, endapo atakihitaji, usikiingize humo; kiombee idhini ya bima kabla hakijaagizwa.