Hukumu ya deni ikipitwa na miaka, je, deni limekufa?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mwaka 2015 nilikopa shilingi 4,000,000 kwa mfanyabiashara mmoja hapa Arua, nilete mchele na sukari. Mzigo ukaingia maji, nikashindwa kulipa. Akanishitaki, na mwaka 2017 mahakama ikaamua nimlipe. Sikuwa na kitu, naye akanyamaza. Sasa nimepata kazi ya mshahara, na wakili wake ameniandikia kwamba wataomba mshahara ukatwe. Rafiki yangu ananishauri nijivutevute mpaka hukumu ifike miaka 12, deni life. Tena nina mkopo wa zamani wa benki, naambiwa jina langu limeharibika CRB, ofisi ya kumbukumbu za wakopaji. Je, kutangaza jina la Muislamu hivyo si kusengenya?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, ndugu yangu.

Rafiki yako ameisoma sheria ya nchi. Uganda inampa mwenye kudai miaka 6 kufungua kesi ya deni la makubaliano, na miaka 12 kudai kwa hukumu aliyokwisha kuipata. Lakini kinachokatika hapo ni kusikilizwa kwa dai. Deni lenyewe linabaki shingoni mwako. Wanazuoni walioandika Majalla, kitabu cha sheria za Kiislamu, wakati wa dola ya Uthmaniya nao waliweka ukomo wa miaka 15 kwa madai mengi, kisha katika kifungu cha 1674 wakasema wazi kuwa haki haianguki kwa kupita zama. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salama, alisema huenda mmoja wenu akawa hodari wa hoja kuliko mwenzake, nikamhukumia, basi niliyemkatia haki ya ndugu yake nimemkatia kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haihalalishi mali ya mtu, kalenda itaihalalishaje?

Niliwahi kusimamia jeneza Bombo. Kama desturi yetu, nikauliza kama kuna anayemdai marehemu. Mzee mmoja akatoa karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mpaka imeanza kukatika mikunjoni. Deni lilikuwa la miaka zaidi ya ishirini. Watoto wa marehemu hawakuwahi kulisikia. Mkubwa wao alisimama pale pale akalibeba, na mimi nikakumbuka sahaba Abu Qatada alivyobeba dinari mbili za maiti ambaye Mtume alikataa kumsalia. Usiwaachie wanao karatasi hiyo.

Miaka uliyokuwa huna kitu, sikulaumu. Qur'ani (2:280) inaamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa. Ila sasa wasaa umekuja, na Mtume amesema kuchelewesha kwa mwenye uwezo ni dhulma. Kwa hiyo mshahara wako ukikatwa kwa amri ya mahakama, hujadhulumiwa. Haki yako ni kuachiwa chakula, makazi na matumizi ya wanaokutegemea, na fukahaa, wanazuoni wa sheria, wamelisisitiza sana hili. Mahakama nayo inaweza kukuruhusu ulipe kwa mafungu. Ukikaidi, Uganda bado ina kifungo cha madeni, hadi miezi 6, na ukitoka deni liko pale pale.

Kuhusu CRB, ofisi zilizoanza kazi Uganda mwaka 2008 kupokea taarifa za wakopaji kutoka kwenye mabenki: taarifa ya kweli, ikipelekwa kwa mkopeshaji anayetaka kujua anamkopesha nani, si usengenyaji. Hadithi inasema ukaidi wa mwenye uwezo unahalalisha kuguswa heshima yake na kuadhibiwa, na mwanazuoni Sufyan akafasiri kuguswa heshima kuwa ni mdai kusema, "Amenichelewesha." Haihalalishi uongo. Omba ripoti yako uisome mstari kwa mstari. Ukikuta deni ulilolimaliza bado linaonyeshwa, lipinge kwa risiti. Pesa ya asili uliyoipokea benki ni deni juu yako. Riba waombe wakusamehe, na utubie kuikubali.

Nenda kwa huyo mfanyabiashara wewe mwenyewe kabla wakili hajarudi mahakamani. Chukua hati ya mshahara na mashahidi wawili, taja kiasi unachoweza kila mwezi bila kumnyima mkeo posho, kiandikwe, mtie sahihi wote. Akiwa amefariki, wape warithi wake. Na ukibanwa kweli kweli, niandikie tena: wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa kwenye aya ya zaka (9:60), na hapo Arua kamati ya msikiti inaweza kukutazama.

Wallahu a'lam.